Wanaoishi Juu Kuliko Meru

Barabara za kuingia bonde la Spiti, kaskazini mwa India katika jimbo la Himachal Pradesh, ni mbili, na kila mwaka ifikapo Novemba hivi moja hufungwa. Ya upande wa Manali hukwea mpaka kipito cha Kunzum, mita 4,551 juu ya usawa wa bahari, na theluji ikishakikamata kipito hicho hakuna gari litakalopita mpaka Mei au Juni. Inabaki ile inayotoka Shimla. Hiyo huufuata mto Sutlej kupitia wilaya ya Kinnaur, hupita jirani kabisa na mpaka wa China, kisha hupanda na mto Spiti hadi mji mdogo wa Kaza. Mitungi ya gesi, unga, askari, wagonjwa, maharusi na watalii, wote kwa nusu mwaka hutegemea ukanda huo mmoja wa lami iliyochoka, na kuna sehemu ambazo hata hiyo lami haipo.

Sisi tuliingia mwezi wa Februari, abiria kumi na wawili ndani ya basi dogo. Safari za namna hii India ni jambo la kawaida. Mtu wa utalii hutangaza tarehe, kila anayetaka hulipia kiti chake, na mnakutana stendi alfajiri mkiwa hamjuani hata kwa sura. Kundi letu lilikuwa na vijana watatu wa kompyuta kutoka Bengaluru, dada wawili wa Chennai, wapiga picha wawili, wanandoa wapya wa Delhi waliokuja fungate (nani huenda fungate kwenye nyuzi ishirini chini ya sifuri, sikuuliza), na mama mmoja wa Pune, mstaafu wa benki, ambaye kwa desturi yao sote tulimwita Shangazi na ambaye kufikia chakula cha mchana cha siku ya kwanza alikuwa ameshakuwa mkuu wa msafara. Waliobaki tulikuwa mimi wa Tanga na mwenzangu wa Mombasa, wanafunzi wa Chandigarh, wote wawili watoto wa bahari.

Dereva alikuwa Mkinnauri, kijana aliyevaa kofia ya sufu yenye ukingo wa mahameli ya kijani kama wanaume wengi wa kwao. Tulimwita kaka. Hakuwa msemaji.

Siku za mwanzo ni za Sutlej. Mto huo unashuka kutoka Tibet na India imeufunga mabwawa mfululizo; Nathpa Jhakri peke yake ni megawati 1,500, na juu yake kuna jingine, Karcham Wangtoo. Korongo ni jembamba, na barabara imechongwa ubavuni mwa jabali hivi kwamba kuna mahali mwamba unaning'inia juu ya paa la basi na mto unaonekana chini ya magurudumu. Taranda, ambako jabali linashuka wima, dereva alisimamisha gari, akavua viatu, akaingia kwenye hekalu dogo la mungu wa kike wa mahali hapo, akarudi na punje za sukari akatugawia. Madereva wa njia hiyo husimama hapo, alisema, mwenye haraka na asiye na haraka. Mwenzangu alimaliza kwanza dua yake kimyakimya, kisha akapokea sukari na kuitia mfukoni.

Theluji tulikutana nayo mapema, Narkanda, mita 2,700 hivi, imelundikwa kando ya njia na kuchafuka kwa moshi wa malori. Miaka yote nimeiona ile ya Kilimanjaro kupitia dirisha la basi la Arusha, nyeupe, mbali. Sikutegemea theluji yangu ya kwanza kuishika iwe inanuka dizeli.

Reckong Peo, makao makuu ya Kinnaur, mimi na mwenzangu tulishuka kwenda kuomba kibali. Kipande kinachofuata kiko karibu na mpaka, na asiye raia wa India haruhusiwi kukipita bila karatasi maalumu. Nakala za pasipoti, viza, picha ndogo. Karani alikuwa mzee mpole mwenye kofia ya kijani kama ya dereva wetu. Aliigeuza pasipoti yangu, akauliza kama Tanzania kuna theluji.

"Ipo, mlimani."

"Na watu wanaishi huko?"

Nikamweleza kwamba ubavuni wanaishi watu wengi sana, kwenye migomba na kahawa, lakini huko juu kwenye baridi haishi mtu. Watu hupanda, wakapiga picha, wakashuka. Alinitazama kidogo, akagonga muhuri. "Kupanda ili mshuke," alisema, na sikujua kama ni swali.

Usiku tulilala Kalpa, juu ya Peo, mbele ya safu ya Kinnaur Kailash. Asubuhi jua lilipoigusa kila mtu alitoka nje na simu, na wanandoa wa Delhi walipata picha yao. Hakuna zaidi la kusema kuhusu Kalpa wakati wa baridi. Ni pazuri kama wanavyosema, na wanasema sana.

Kuanzia Khab nchi hubadilika ghafla. Hapo Spiti inamwagika ndani ya Sutlej, chini ya Reo Purgyil, mlima wa mita 6,816 unaoongoza kwa urefu katika jimbo zima. Misonobari na mitofaa ya Kinnaur imeshaachwa nyuma. Mvua za monsuni huishia upande wa pili wa milima, kwa hiyo huku ni jangwa, ila ni jangwa la baridi: majabali ya rangi ya kutu na zambarau, changarawe inayoporomoka yenyewe bila kuguswa, theluji kwenye vivuli. Barabara inapanda kwa kona kali za Ka, moja juu ya nyingine, na tulipofika Nako, mita 3,660 hivi, ziwa la kijiji lilikuwa limeganda na watoto walikuwa wakiteleza juu yake kwa viatu vya mpira. Hapo ndipo vichwa vilipoanza kuuma.

Mtanzania atanielewa nikimtajia Kilimanjaro. Vibanda vya Horombo, ambako wapandaji wa njia ya Marangu hulala usiku wa pili, viko mita 3,720. Nako na Kaza ziko kwenye kimo hicho hicho. Ukifika mita 4,000 kila pumzi inakupa asilimia 60 hivi ya oksijeni ambayo ungeivuta ufukweni kwetu. Mwili hujizoeza, lakini kwa mwendo wake wenyewe, na hapa ndipo njia ya Shimla inapoishinda ya Manali: inakupandisha pole pole, unalala chini kidogo leo, juu kidogo kesho. Wanaokuja kiangazi kupitia Kunzum huvuka mita 4,500 siku hiyo hiyo wakashangaa kwa nini wanatapika.

Monasteri ya Tabo iko chini ya Nako, mita 3,280, na kwa nje haina cha kumsimamisha mtu. Kuta nene za udongo, rangi ni ya ardhi ile ile inayozizunguka, milango mifupi. Monasteri hii ilianzishwa mwaka 996 na Yeshe-Ö, mfalme wa Guge, zama ambazo mfasiri mkubwa Rinchen Zangpo alikuwa akiirudisha dini ya Kibudha katika Tibet ya magharibi. Mwaka huo Msikiti Mkuu wa Kilwa, kwa mawe tunayoyaona leo, ulikuwa bado kujengwa. Mtawa kijana alitufungulia kwa ufunguo mrefu, akatukataza kupiga picha, akawasha tochi. Ndani hakuna dirisha. Mwanga hushuka kidogo kutoka darini. Tochi ilipopita ukutani ziliibuka sura: miungu zaidi ya thelathini wa udongo, karibu kimo cha mtu, wameketi hewani huku migongo imeshikana na ukuta, na chini yao michoro ya rangi nyekundu na buluu imefunika kila shubiri ya plasta. Kila kitu ni udongo, umekaa zaidi ya miaka elfu moja kwa sababu mvua ni haba. Tetemeko la tarehe 19 Januari 1975 liliitikisa Kinnaur na Spiti na kuharibu sehemu za monasteri. Baadaye ulijengwa ukumbi mpya pembeni, na Dalai Lama amewahi kuongoza mafundisho ya Kalachakra hapo Tabo mwaka 1983 na tena 1996, mwaka wa kutimia miaka elfu. Shangazi alikaa chini ya sanamu moja hata mtawa akaanza kupiga miayo. Alipotoka alisema miguu yake haina habari tena na mwili. Sakafu ilikuwa baridi kupita theluji ya nje.

Kaza tulifikia nyumbani kwa watu. Hoteli nyingi hufungwa wakati wa baridi, kwa sababu mabomba huganda na kupasuka. Nyumba za Spiti zina kuta nene, madirisha madogo yanayolikabili jua la kusini, na paa bapa lililopangwa kuni ukingoni. Majira ya joto familia hutawanyika vyumba vyote. Majira ya baridi bibi, mtoto, mgeni na paka huhamia chumba kimoja, chenye jiko.

Jiko lenyewe ni sanduku la bati katikati ya chumba, bomba lake la moshi limetoboa dari. Huingia humo kuni, na mavi ya ng'ombe na yaki yaliyokaushwa. Kuni zenyewe hupandishwa na malori, maana miti Spiti ni ya kuhesabu, kwa hiyo mama mwenye nyumba alitia kipande kimoja kwa wakati, akingoja cha kwanza kiishe kabisa. Juu ya jiko kuna sufuria kubwa ya maji wakati wote. Sheria ya nyumba ni moja: ukichota kikombe, unarudisha kikombe. Kuzunguka jiko kuna magodoro membamba, mazulia na meza fupi, na hapo ndipo watu hula, hufanya hesabu za shule, husokota sufu, hupokea wageni na kugombana. Usiku moto huachwa ufe. Kuni hazitoshi, na moshi ndani ya chumba kilichofungwa huua. Unaingia chini ya malihafu mazito yenye harufu ya kondoo na hutoki mpaka usikie bati likigongwa asubuhi.

Chai yao ina chumvi na siagi. Mwenzangu alionja, akaweka kikombe chini kwa adabu. "Huu ni mchuzi, bwana," aliniambia kwa Kiswahili, akitabasamu ili mama asielewe. Lakini supu yao ya tambi, yenye mboga kidogo na nyama ya kukauka, aliinywa mpaka akaonewa haya.

Maji yalitoka kwenye bomba la mtaa lililoachwa likitiririka usiku na mchana, kwa kuwa likifungwa linaganda. Chini yake palikuwa pameota mlima wa barafu, na watu walikuwa wamemwaga majivu kutengeneza njia ya kukanyaga. Asubuhi moja nilichukua dumu la lita ishirini nikimsaidia mama. Sikufika nusu ya njia. Mapafu yalikataa, nikakaa juu ya dumu. Bibi mmoja mwenye umri wa mama yangu alinipita akiwa na mzigo kama wangu mgongoni, amefungwa kamba kifuani, akinisalimu huku anapanda. Kijana wa nyumba akaja kulichukua dumu bila kuambiwa.

Choo nacho kinastahili aya yake. Ni tundu kwenye sakafu ya ghorofa, kando yake lundo la udongo na majivu, na koleo. Ukimaliza unamwaga koleo moja. Harufu haipo, baridi imelimaliza hilo. Theluji ikiyeyuka shehena ya chini hupelekwa shambani, kwenye shayiri na njegere. Nimetumia vyoo vya kuvuta vya stendi nyingi na sioni sababu ya kumcheka mtu wa Spiti. Dada wa Chennai, hata hivyo, waliamua kutokunywa maji ili wasiende, na Shangazi akawagombeza mbele za watu: asiyekunywa maji huku juu ndiye wa kwanza kuanguka.

Aliyeanguka hakuwa wao. Alikuwa mmoja wa vijana wa Bengaluru, mwenye kifua kipana kuliko wote, aliyekuwa akipiga pushapu barazani Shimla. Usiku wa manane kichwa kilimuuma hata akalia, akatapika, akaanza kupepesuka. Dereva hakuuliza mtu. Alimbeba mpaka kwenye gari, likagoma kuwaka, akambeba mpaka kwa jirani mwenye jipi. Hospitalini walimpa oksijeni na asubuhi akatumwa chini Tabo na mwenzake mmoja, wakatungoje huko. Dawa ya ugonjwa wa milima ni kushuka. Vidonge husaidia tu.

Gari liligoma kwa sababu dizeli hutoa nta kwenye baridi ile na kuziba chujio. Baada ya usiku huo dereva alichanganya mafuta ya taa kidogo kwenye tangi, na kila alfajiri aliwasha makaa kwenye karai akalisukuma chini ya injini, akachuchumaa pembeni akivuta sigara na kulichunga kama anachoma mahindi. Breki ya mkono hakuivuta hata siku moja, ingeganda. Alizuia magurudumu kwa mawe.

Kutoka Kaza tulizunguka vijiji vya juu kila siku iliporuhusu. Monasteri ya Ki, mita 4,166, ambako mtawa mpishi alitupa chai jikoni na hakutaka kusikia habari ya malipo. Kibber, kijiji cha wafuatiliaji wa chui wa theluji. Hapo wapiga picha wetu walilala kifudifudi kutwa nzima nyuma ya darubini na kupata doa la kijivu lililovuka mwamba; mimi nilitosheka na kondoo mwitu. Watu wa Kibber wana mfuko wa bima ya mifugo, ili chui akila ng'ombe wa mtu, mwenye ng'ombe asiende kutega sumu. Chui sasa analeta wageni wakati ambao zamani hakuna mgeni aliyekuja. Ng'ambo ya korongo kuna kijiji cha Chicham, na daraja la kwenda huko limefunguliwa mwaka 2017. Kabla yake watu walivuka wakiwa ndani ya kitoroli kilichoning'inia kwenye waya, wakijivuta kwa kamba. Tulisimama katikati ya daraja. Dada wa Chennai walitazama chini mara moja.

Langza ni nyumba chache chini ya mlima Chau Chau Kang Nilda, na sanamu kubwa ya Budha ikitazama bonde. Wapiga picha waliruka kabla basi halijasimama. Mimi na mwenzangu tuliingia nyumba moja kutafuta moto, na kijana wa hapo, alipojua tunatoka pwani, alileta kopo la maziwa ya unga akalimimina mezani. Mawe meusi ya duara. Moja lilikuwa limepasuliwa katikati, na ndani yake alikuwemo kiumbe wa bahari kama konokono, amejikunja mzunguko ndani ya mzunguko, mbavu zake zote zikihesabika.

Mwenzangu ana mjomba anayeuza kombe na simbi kwa watalii. Alilichukua lile jiwe, akapitisha kidole kwenye mbavu, akalinusa. "Haki ya Mungu, huyu ni wa baharini. Nani kamleta huku?"

Hakuletwa. Ni amonaiti, wa jamii iliyokwisha kutoweka, na aliishi yapata miaka milioni 150 iliyopita katika bahari ya Tethys, iliyokuwa kaskazini ya ardhi ya India. Miaka hiyo hiyo Tendaguru, kule Lindi, walitembea mijusi wakubwa ambao mifupa yao Wajerumani waliipeleka Berlin. Ardhi ya India kabla ya kuanza safari yake ilikuwa imeshikamana na Afrika Mashariki na Madagaska katika bara moja la kale. Ikajitenga, ikaenda kaskazini, na yapata miaka milioni 50 iliyopita ikaigonga Asia. Sakafu ya Tethys ikakunjwa na kuinuliwa, na amonaiti wake wako sasa kwenye mita 4,400, chini ya theluji, ambako watoto huwaokota theluji ikiisha. Mwenzangu aliuliza bei. Kijana akasema si ya kuuza, akayarudisha mawe koponi.

Tulikuwa tunataka kuendelea Hikkim, penye posta iliyofunguliwa mwaka 1983 na inayosifiwa kuwa ya juu kuliko zote duniani, kisha Komic. Njia ilikuwa imezibwa. Dada wa Chennai walizirudisha mkobani kadi walizotaka zipigwe muhuri. Tulipokuwa tukijadiliana, wanaume watatu walitokea kwenye theluji wakitembea. Walikuwa wametoka Komic kwa miguu wakishuka Kaza kutafuta dawa ya ng'ombe na vocha za simu. Wakaingia kuota moto nasi, na kijana wa kopo akatutafsiria.

Komic iko mita 4,587. Kilele cha mlima Meru ni mita 4,566. Mtu anayekitaka kilele cha Meru hulala vibandani, huamshwa usiku, hupanda kwa tochi, hupiga picha kwenye bango, hushuka akisimulia. Mtu wa Komic huamka, huwapa ng'ombe majani makavu, huondoa theluji juu ya paa kabla haijayeyuka na kuvuja ndani, na ng'ombe akiugua hushuka kutafuta dawa. Nilijaribu kuwaeleza habari hiyo ya Meru. Walisikiliza kwa heshima, kisha mmoja akauliza jambo alilolitaka yeye: kwetu baridi huchukua miezi mingapi?

Hatuna baridi, nikasema.

"Basi watu hupumzika lini?"

Nikasema hatupumziki, tunafanya kazi mwaka mzima. Wakatazamana. Kwao miezi ya theluji ndiyo ya harusi, ya kufuma, ya kutembeleana na kunywa araki ya shayiri, shamba liko chini ya blanketi na hakuna anayeweza kukudai kazi. Mwaka mzima? Mwaka mzima, alithibitisha mwenzangu. Mkubwa wao alitikisa kichwa na kutusogezea sahani ya biskuti, ambazo zilikuwa zetu. Sijawahi kuonewa huruma ya dhati namna ile.

Kurudi kulikuwa kwa shida. Theluji ilianguka usiku kucha, na tulipokwisha kuwachukua wale wawili wa Tabo, mgonjwa akiwa mzima na mwenye njaa, tulikwama Chango. Mbele yetu, upande wa Malling, poromoko lilikuwa limefunika barabara. Matengenezo ya njia hiyo ni kazi ya Border Roads Organisation, chombo cha serikali kilichoundwa mwaka 1960, na mabango yake yenye mizaha ya kuwaasa madereva yametapakaa kila kona. Lakini ukisimama mbele ya poromoko huoni chombo. Unaona katapila moja na wanaume wenye makoleo.

Wengi wao walikuwa wametoka Jharkhand, mashariki mwa India, nchi ya joto. Walivaa mabuti ya mpira na glavu za mpira za rangi ya chungwa, na kitambaa kimezungushwa kichwa kizima kikaacha macho. Katapila lilisukuma theluji laini mpaka ukingoni; palipochanganyika mawe na barafu lilirudi nyuma na wao wakaingia kwa sururu. Mmoja alisimama kwenye mwinuko akitazama juu tu, kazi yake ikiwa kupuliza filimbi mlima ukianza kutikisika. Walipumzika kwa zamu kwenye pipa lililokatwa lenye moto wa mbao. Nilimuuliza mmoja, kwa Kihindi changu cha chuo, kama amezoea. Akasema alikuja na mjomba wake, kwao mpunga ukikosa mvua mtu huja huku, na kwamba baridi haizoeleki, unaificha tu mwilini. Kisha akauliza Afrika barabara hujengwa na nani. Na wageni pia, nilisema, na akaona ni jibu la kawaida.

Shangazi aliamuru akiba yetu yote ya vyakula itolewe, na ikatolewa, pamoja na chokoleti alizozificha bwana harusi. Vijana wa Bengaluru waliomba makoleo, wakachimba kwa bidii, wakakaa chini wameshika vichwa. Jioni filimbi ikapigwa mara mbili, katapila likasogea pembeni, na tukapita mmoja mmoja kwenye mfereji wenye kuta za theluji kuzidi kimo cha basi. Dereva alikuwa ameshafunga minyororo kwenye tairi na hakugusa breki mpaka tulipotoka upande wa pili.

Reckong Peo maji yalitoka bombani. Nyumba ya wageni ilikuwa na bafu mbili zenye maji ya moto, na watu waliokuwa wamelishana kwa mikono kwa siku zote zile waligombana vibaya sana juu ya foleni. Shangazi aliingia wa kwanza, kwa haki ya umri, akakaa humo mpaka bwana harusi akaanza kugonga mlango.

Dereva hakuwa kwenye foleni. Nilimkuta nje chini ya taa ya duka, ameitandaza minyororo ya tairi kwenye gunia akiikagua pete moja moja; mbili zilikuwa zimelika karibu kukatika. Shangazi, kichwa kimefungwa taulo, alimuuliza kutoka dirishani kama sasa anaenda kwao kupumzika. Akasema hapana, kesho kutwa anachukua kundi lingine Shimla. Na kama tuna soksi nzito tusizozihitaji, aliongeza, tumwachie ndani ya gari, maana wageni huja na kamera za bei mbaya na soksi za ofisini.